Kamati ya Kijiji, Asasi au Kikundi cha Vijana: Chombo Gani Kisimamie Huduma za Vijana Kijijini?

Kijiji kikishakubaliana kwamba vijana wake wanahitaji uwanja, mahali pa kujisomea jioni na njia salama ya kurudi nyumbani, huzuka swali ambalo wengi hawakulitarajia: kazi hiyo isimamiwe na chombo gani? Mwalimu mkuu, mchungaji, imamu, mwenye duka, mwakilishi wa waendesha bodaboda na akina mama wa kikoba wanaweza kukaa benchi moja kwa nia moja, lakini anayetaka kuchangia mifuko 20 ya saruji atauliza anamkabidhi nani, stakabadhi itagongwa muhuri wa nani, na mwakani akirudi kukagua atamkuta nani.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya watu waliokwama hapo. Unahusu vijiji vya Tanzania Bara pekee, kwa kuwa Zanzibar ina mfumo wake wa shehia wenye sheria zake. Njia zinazolinganishwa ni tatu.

Ya kwanza ni kufanya kazi ndani ya serikali ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa kila Halmashauri ya Kijiji wajumbe 15 hadi 25 na kamati zake za kudumu, zikiwemo ya huduma za jamii na ya ulinzi na usalama. Wadau wa vijana wanaweza kuundiwa kamati ndogo chini ya hizo.

Ya pili ni kuanzisha asasi na kuisajili kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, ikiwa na katiba, bodi na akaunti yake yenyewe.

Ya tatu ni kuwaachia vijana kikundi chao, kinachotambuliwa na halmashauri ya wilaya kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, huku watu wazima wakibaki walezi na washauri.

Vigezo ninavyovitumia ni vitano: nani ana mamlaka juu ya ardhi na majengo, fedha zinatoka wapi na zinalindwaje, usalama unasimamiwaje, vijana wenyewe wana sauti kiasi gani, na chombo kitadumu muda gani. Havina uzito sawa. Ardhi na usalama nimevipa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu fedha iliyokosekana mwaka huu inaweza kupatikana mwakani, lakini uwanja uliokwisha kugawiwa viwanja vya nyumba haurudi, na mtoto aliyeumizwa akiwa mikononi mwetu hatumrudishii alichopoteza.

Ardhi na majengo

Tuanze na hesabu ndogo. Uwanja wa mpira wa miguu wa kipimo cha mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, yaani karibu eka moja na robo tatu. Ukiongeza nafasi ya pembeni, uwanja wa netiboli wa mita 30.5 kwa 15.25, choo chenye sehemu ya wasichana, kibanda cha kujisomea na miti ya kivuli, kijiji kinahitaji kama eka tatu zilizo pamoja, na mahali pafikike bila binti kuvuka pori saa kumi na mbili jioni. Eka tatu za aina hiyo katikati ya kijiji ni mali ambayo wengi wanaitamani.

Hapo ndipo serikali ya kijiji inapokuwa na nguvu ambayo vyombo vingine viwili havina. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkutano wa watu wazima wote wa kijiji. Kamati iliyo ndani ya serikali hiyo inaweza kuomba eneo la vijana litengwe, liandikwe kwenye muhtasari, kisha lichorwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Uwanja ambao upo kwa mazoea tu, ambao kila mtu anajua kuwa ni uwanja lakini hakuna karatasi inayosema hivyo, humegwa kidogo kidogo: leo kona ya ghala, kesho kibanda cha mtu, keshokutwa njia ya magari, na vijana wanagundua wakati goli moja limekwisha kupata jirani. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mamlaka yaleyale yanayotenga eneo yanaweza pia kulipangia kazi nyingine, na kinachozuia ni mkutano mkuu unaohudhuriwa kweli.

Asasi iliyosajiliwa ni mtu kisheria. Inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Kwa vifaa na samani hilo ni jambo jema, kwa kuwa kompyuta, mashine za kushonea na mipira ya asasi haviwezi kuhamishiwa ofisi nyingine kwa amri ya mdomo. Kwa ardhi ningeshauri tahadhari. Kijiji kikiikabidhi asasi eneo moja kwa moja, na asasi hiyo ikafa au ikagombana, eneo la umma linabaki mikononi mwa wanabodi ambao huenda hawaishi tena pale. Mpangilio ulio salama zaidi ni ardhi kubaki ya kijiji na asasi kupewa haki ya kuitumia kwa makubaliano ya maandishi yenye muda, masharti na kifungu kinachosema majengo yatakuwa ya nani yote yakiisha.

Kikundi cha vijana kwa kawaida hutumia eneo kwa ruhusa. Hilo linatosha kwa banda la kunyolea nywele, bustani ya mboga au mazoezi ya jioni kwenye uwanja wa shule, mradi kamati ya shule imekubali kwa maandishi na ratiba haigongani na masomo. Halitoshi kwa jengo la tofali. Nisingependa kuona vijana wakifyatua tofali kwa miezi mitatu juu ya ardhi ambayo ruhusa yake iko kichwani mwa mtu mmoja.

Fedha

Kamati ya kijiji inategemea michango, nguvu za wananchi na yale ambayo halmashauri ya wilaya au Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kisheria mwaka 2009, unaweza kuongeza pale wananchi walipofikisha boma, yaani kuta za jengo lisiloezekwa, kwenye lenta. Fedha hizo hupita akaunti ya kijiji, na taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa mbele ya Mkutano Mkuu kila miezi mitatu. Panapofuatwa utaratibu huu, ni ulinzi mzuri, kwa kuwa bibi aliyechanga shilingi elfu mbili ana haki ya kuuliza kama alivyo na haki aliyechanga laki mbili. Tatizo lake ni foleni: zahanati, madarasa na kisima vyote viko mbele ya kituo cha vijana, na ni vigumu kumlaumu mjumbe anayeweka maji mbele ya netiboli.

Asasi inaweza kuandika maombi kwa wafadhili, na fedha ikija inakuwa ya vijana tu, haishindani na choo cha zahanati. Gharama yake ni ya kiutawala. Kuna ada ya kila mwaka, taarifa ya mwaka kwa msajili na hesabu zinazopaswa kukaguliwa, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti cha usajili kina muda wa miaka 10. Kijiji kisicho na mtu anayeweza kuandika taarifa na kutunza vitabu kijiulize mapema nani atafanya kazi hiyo, na kwa malipo gani. Pia fedha ya mradi ina tarehe ya kwisha, na maktaba iliyomlipa mtunzaji kwa fedha hiyo hufungwa kufuli siku ileile mradi unapofungwa, isipokuwa kama kijiji kilijipanga tangu mwanzo.

Kikundi cha vijana kina mlango ambao wengine hawana, nao ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Tangu mwaka 2018 jambo hili limo ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na mikopo yake haina riba. Hata hivyo ni mikopo, inarejeshwa, na imekusudiwa shughuli zinazoingiza kipato, kwa hiyo kikundi kinachotaka kujenga uwanja kisiitegemee. Mwaka 2023 utoaji wake ulisitishwa ili utaratibu urekebishwe, ukarejea mwaka 2024. Vikundi vilivyokuwa vimepanga kila kitu juu ya mkopo huo vilikaa vikisubiri.

Usalama

Neno hili linabeba mambo mawili ambayo mikutano ya vijiji huyachanganya: kijiji kuwa salama, na vijana wenyewe kuwa salama. Mara nyingi la kwanza huzungumzwa kana kwamba vijana ndio hatari yenyewe, na la pili halizungumzwi kabisa. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa mwenye miaka 15 hadi 35, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18. Maana yake ni kwamba msichana wa miaka 16 anayekuja kwenye kituo chenu ni kijana na ni mtoto kwa wakati mmoja, na chombo chochote mtakachochagua kinawajibika kwake kwa namna zote mbili.

Serikali ya kijiji ina Kamati ya Ulinzi na Usalama, ina mgambo, ina uhusiano wa moja kwa moja na polisi, na inaweza kutunga sheria ndogo zinazoidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kwa mfano kuhusu saa za kufunga vibanda umiza (vibanda vya kuonyeshea video na mpira) au kuuza pombe karibu na shule. Hakuna asasi wala kikundi chenye uwezo huo. Lakini nguvu hii inahitaji lijamu. Sungusungu walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakapata kutambuliwa kisheria mwaka 1989, walirudisha usingizi kwenye vijiji vilivyokuwa vimechoshwa na wizi wa ng’ombe. Walituachia pia kumbukumbu ya watu waliopigwa kabla ya kusikilizwa. Mwananchi akimkamata mtu, sheria inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kamati inayoendesha huduma za vijana mchana na usiku inawasaka vijana walewale kijiweni itapoteza imani yao haraka, na kituo kitabaki na viti vitupu. Kwa sababu hiyo ningeshauri mtu anayepokea malalamiko ya vijana asiwe yuleyule anayeongoza doria.

Asasi haina mamlaka ya kumwita wala kumkamata mtu. Ubora wake ni kwamba inaweza kuandika kanuni na kuzisimamia: nani anaruhusiwa kukaa na watoto, safari ya mashindano inahitaji walezi wangapi na wa jinsia gani, picha za watoto zinatumikaje, nani anapokea taarifa ya ukatili na anaipeleka wapi ndani ya saa ngapi. Wafadhili wengi huzidai kanuni hizo, na katika jambo hili wanatufaa. Hatari ni asasi kujaribu kumaliza shauri la ukatili ndani kwa ndani ili jina lake lisichafuke. Shauri la namna hiyo ni la polisi na ustawi wa jamii, na mtoto au jirani yeyote anaweza kupiga simu ya bure namba 116 ya msaada kwa watoto, au 112 kwa dharura ya polisi.

Kikundi cha vijana kinajua mambo ambayo wazee hawayajui. Kinajua taa ipi haiwaki, njia ipi mabinti wameacha kuipita, dereva gani wa bodaboda anawabeba wanafunzi kwa ahadi zisizofaa. Ujuzi huo ni wa thamani kubwa kuliko doria tatu. Ila kikundi chenye kiongozi wa miaka 24 anayesafiri na wachezaji wa miaka 14 bila mlezi ni hatari iliyojificha ndani ya jambo jema, hata kama kijana huyo ni mwadilifu kabisa. Kikiwa peke yake, kikundi kisibebeshwe malezi ya watoto. Kiunganishwe na kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto pale ilipo, au na mwalimu na mzazi waliokubaliwa na mkutano.

Sauti ya vijana, na ya wasichana hasa

Kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji mwenye miaka 18 ana haki ya kuhudhuria na kupiga kura, lakini kugombea ujumbe wa Halmashauri ya Kijiji kunahitaji miaka 21. Wanawake wametengewa viti. Vijana hawana vyao. Kamati ya vijana iliyo ndani ya serikali ya kijiji inaweza kurekebisha hilo kwa kuwaalika vijana kama wajumbe wa kamati ndogo, na ni vyema idadi yao iandikwe kwenye muhtasari, kwa sababu mwaliko wa heshima huishia kwenye kupanga viti.

Asasi inaweza kuamua katika katiba yake kwamba nusu ya bodi iwe chini ya miaka 30 na nusu iwe ya wanawake. Inaweza vilevile kuwa ya mtu mmoja aliyeko mjini, anayewajia vijana na fomu za mahudhurio. Katiba isomwe kwa sauti kabla ya kusajiliwa.

Kwenye kikundi sauti ni yao, na hilo lina uzito wake. Swali ni vijana wepi. Mara nyingi kikundi huzaliwa kutoka timu ya mpira, na mahitaji ya timu yanageuka mahitaji ya vijana wote. Wasichana wanaochota maji na kupika jioni hawawezi kuja saa kumi na moja. Anayelea mtoto haji bila mahali pa kumlaza. Mwenye ulemavu haji kama mlango una ngazi tatu. Chombo chochote kiwaulize hawa kabla ya kupanga ratiba, na kiwaulize wakiwa peke yao.

Kudumu

Serikali ya kijiji hubadilika kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi uliopita ulifanyika Novemba 2024. Mwenyekiti mpya anaweza kuufuta mpango wa mwenzake, lakini ofisi haifi, na mtendaji akitunza jalada vizuri kazi inaendelea. Asasi hufa mwanzilishi anapoondoka au taarifa zisipopelekwa kwa msajili. Kikundi hupungua kwa sababu za kawaida za ujana: ndoa, kazi za mjini, machimbo, masomo. Misimu miwili ya kikundi imara ni mafanikio, mradi kinapokea wadogo zao kabla wakubwa hawajaondoka.

Kuchagua kwa kuangalia hali yenu

Ikiwa eneo la vijana liko hatarini kumegwa, au halijaandikwa popote, anzeni na serikali ya kijiji, hata kama uhusiano wenu nayo si mzuri, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kulitenga. Pelekeni ombi la maandishi, hakikisheni ni ajenda ya Mkutano Mkuu, na muombe nakala ya muhtasari yenye saini na muhuri. Asasi na kikundi vinaweza kuja baadaye.

Ikiwa ardhi ipo salama na jengo limesimama kwenye lenta miaka minne, na kijijini kuna mwalimu mstaafu au mhasibu aliye tayari kutunza vitabu, asasi inawafaa. Ikiwa mtu huyo hayupo, msisajili kwa sababu tu kijiji jirani kimesajili. Kamati ya kijiji yenye mweka hazina mwaminifu itawafikisha mbali zaidi.

Ikiwa tatizo kubwa ni vijana kukaa bila kipato, kikundi ndicho kinachofaa, na kiwe kidogo, chenye shughuli moja ambayo wanachama wanaijua tayari. Mlezi wao awasaidie kupiga hesabu ya marejesho kabla ya kujaza fomu ya mkopo.

Ikiwa mtoto ameumizwa au kuna hofu ya ukatili, jambo hilo lisisubiri chombo chochote kuundwa. Liende polisi na ustawi wa jamii leo, kisha kijiji kikae kuweka kanuni, na anayetuhumiwa asiwe na funguo za kituo wakati huo.

Ikiwa imani kwa viongozi wa kijiji imevunjika, asasi au kikundi vinaweza kushika huduma ndogo ndogo za kila siku, kama maktaba, mazoezi na masomo ya jioni, huku wananchi wakidai mapato na matumizi kwenye mkutano. Ardhi na ulinzi bado vitarudi kwa serikali ya kijiji, kwa hiyo mlango usifungwe moja kwa moja.

Vijiji vingi huishia kuunganisha njia mbili: ardhi na ulinzi chini ya kijiji, uendeshaji chini ya asasi au kikundi, na karatasi moja ya makubaliano inayosema nani anashika funguo, nani anafagia, nani analipia taa, na nani anaitwa usiku jambo likitokea. Mpangilio huo unafaa pale pande zote zinapokutana walau mara moja kwa mwezi. Zisipokutana, kila mmoja atadhani mwenzake ndiye mwenye zamu.

Na kwa wanaoishi kwenye vijiji vilivyo mbioni kuwa mji mdogo, kuna haraka zaidi. Kijiji kikigeuka mtaa, Halmashauri ya Kijiji inaondoka pamoja na mamlaka yake juu ya ardhi, na maamuzi ya viwanja yanahamia ngazi ya juu. Eneo la vijana lipimwe, lichorwe na kuandikwa kabla ya siku hiyo, wakati uamuzi bado uko mikononi mwa mkutano mkuu wenu.